Asilimia 10 ya nini? Msitu wa machoni na msitu wa vitabuni

"Kenya imeshavuka asilimia 10 ya misitu." Husemwa sana, na si kweli. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilitoa namba mbili: miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, misitu asilimia 8.83. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinataka asilimia 10 ya miti. Basi mivinje ya mpakani mwa shamba na miembe ya uani imo kwenye hesabu, na lengo linaweza kufikiwa bila msitu wa asili kuongezeka hata ekari moja. Ile asilimia 30 ya kufikia 2032 nayo ni ya miti.

Wengine hudhani msitu haubishaniwi, ukiuona umeuona. Kwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni eneo linalozidi hektari 0.5, miti inayopita mita 5 au inayoweza kufika hapo, na vivuli vyake vifunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kenya, katika ripoti zake za hewa ya ukaa, hutumia mita 2 na asilimia 15. Tanzania mita 3 na asilimia 10. Miti iliyoshonana lakini ikakomea mita mbili na nusu ni msitu ikiwa Taveta, upande wa Kenya. Vuka mpaka uingie Holili, Tanzania, si msitu tena.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba miti ikikatwa, msitu umepungua. Simama katikati ya misindano iliyofyekwa yote: visiki bado vinatoa utomvu, hakuna kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Kwa FAO hapo bado ni msitu, maadamu patapandwa tena. Kisha panda Kilimanjaro uingie kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga. Kahawa iko chini ya migomba, migomba chini ya miruka mirefu iliyofunga anga, mfereji unapita pembeni, ardhi ina ubaridi. Hapo si msitu, kwa kuwa matumizi yake makuu ni kilimo.

Kihamba kuitwa shamba ni sawa kabisa. Ila sera ikihesabu hektari za msitu peke yake, waliotunza miruka hiyo vizazi kwa vizazi hawaonekani. Na msitu wa asili ukikatwa ikapandwa mikaratusi, jumla haitikisiki. Safu ya takwimu inayotenganisha misitu ya asili na ya kupandwa ipo, FAO huichapisha. Inayofika kwenye hotuba ni ile ya jumla.