Mchakamchaka wa mtaani: anayebaki nyuma angojwe

Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa vikundi vya mchakamchaka: filimbi mbele, nyimbo za kuitikiana, fulana za rangi moja. Wanaotazama kutoka barazani ni wengi kuliko wanaokimbia. Maswali haya ni yao.

Nafua, nachota maji, naenda sokoni kwa miguu. Bado nahitaji mazoezi?

Kazi hizo zinahesabika, dada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na angalau siku 2 za kuimarisha misuli. Uzipate kwa ndoo ama kwa mpira, mwili haubagui. Shughuli ya wastani ni ile unayoifanya huku ukiweza kuongea, ila ukitaka kuimba pumzi inakatika. Ninaowahofia zaidi ni dereva wa bodaboda, fundi cherehani na muuza duka, ambao hukaa kutwa nzima.

Na watoto?

Walio kati ya miaka 5 na 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Rede, kuruka kamba na chandimu vinatosha kabisa, wakiachiwa pa kuchezea.

Nina presha. Nikikimbia si nitaanguka?

Hakuna aliyesema ukimbie. Tembea. Mazoezi ya kiasi husaidia kushusha presha, mradi uendelee na dawa zako na uanze polepole: dakika 10 leo, wiki ijayo uongeze. Kama presha yako iko juu sana au una ugonjwa wa moyo, muone daktari kwanza. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi inakatika kuliko kawaida, simama, na ukapimwe siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini asitoke bila kitu cha sukari mfukoni.

Tulianza watu 40, sasa tumebaki 9. Watu wetu ni wavivu?

Hapana, na neno hilo linaniuma. Nimewauliza walioacha. Mmoja aliachwa nyuma siku ya kwanza akarudi nyumbani peke yake, gizani. Mwingine hakuwa na hela ya fulana, akaona haya kusimama katikati ya waliovaa sare. Akina mama wengi walisema saa 11 alfajiri ndiyo saa ya kuwasha jiko na kuandaa watoto wa shule. Kuna aliyechekwa kwa unene wake. Huyo sidhani kama atarudi.

Basi tengenezeni makundi mawili, la kukimbia na la kutembea, yaanze pamoja na kumalizia mahali pamoja. Mtu mmoja mwenye subira awe wa mwisho daima. Fulana isiwe sharti. Akina mama wachague saa yao wenyewe, hata kama ni saa 10 jioni.

Kigali wameonyesha njia. Tangu mwaka 2016 baadhi ya barabara hufungwa kwa magari katika Jumapili zilizopangwa, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli, na huko huko wanapimwa presha na sukari bure. Anayekuja na ndala anakaribishwa sawa na mwenye raba.

Sisi hatuna kiwanja.

Mwendeeni mwenyekiti wa mtaa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Ombeni uwanja wa shule kwa saa moja, au kipande cha barabara ya ndani kifungwe. Mkishapewa, fagieni chupa zilizovunjika kabla hamjaanza.

Nina miaka 68. Mimi nitafanya nini huko?

Shikamoo bibi. Kwa umri wako, pamoja na kutembea, mazoezi ya kuupa mwili mizani yanahitajika siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa sababu yanapunguza hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Inuka kwenye kiti bila kushika, kisha ukae tena, mara 5. Simama kwa mguu mmoja huku mkono uko ukutani. Njoo na viatu visivyoteleza. Kiti tutakuletea.