Mlipuko wa redio wa Jua ni kitu gani?

Kijiweni kwa muuza kahawa, Ngamiani barabara ya 9, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, Jua nalo lina kituo cha kutangaza?" Alikuwa amesikia habari za milipuko ya redio ya Jua. Kwangu swali lake lina maana kuliko jina lenyewe, maana "mlipuko" humfanya mtu angoje kishindo, na hapa hakuna kishindo. Ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale ya FM, yanayozidi nguvu ghafla kwa sekunde au dakika kadhaa, kisha yanatulia.

Yanatoka kwenye korona, angahewa ya juu ya Jua. Huko joto linapita digrii milioni moja, na atomu zimevuliwa elektroni zake. Mchanganyiko huo wa elektroni huru na ioni, yaani atomu zilizovuliwa, ndio plazima, wengine huita utegili. Ukizisogeza elektroni zake, ioni huzivuta zirudi. Zinapitiliza, zinavutwa tena, basi zinatetemeka. Kasi ya mtetemo huo huamuliwa na msongamano wa elektroni.

Wapiga ngoma wa Tanga wataelewa upesi. Ngoma iliyopashwa moto ikakaza hulia juu. Ikilegea, mlio unashuka hata kama mkono ni uleule. Penye elektroni milioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, plazima hutetemeka kwa megahezi 90 hivi, palepale penye stesheni za FM. Zikibaki milioni 25, inashuka hadi 45.

Mpigaji ni nani? Mistari ya sumaku ya Jua inapokatika na kuungana upya, elektroni hufyatuka, nyingine kwa theluthi ya kasi ya mwanga. Zikipenya kwenye plazima huamsha mawimbi yaitwayo ya Langmuir. Hayo hayawezi kutoka humo, ila sehemu yake hugeuka mawimbi ya redio ya masafa, yaani kasi ya mtetemo, yaleyale au mara mbili yake. Kadiri elektroni zinavyopanda, plazima inapungua, na masafa yanaporomoka kwa sekunde chache. Mlipuko wa namna hiyo wataalamu huuita aina ya III. Aina ya II hushuka taratibu, kwa dakika, kwa kuwa mpigaji ni wimbi la mshtuko, mara nyingi la kilomita kama 1,000 kwa sekunde. Wataalamu hupima mteremko huo wakajua mwendo wa kilichorushwa na Jua.

Februari 1942 rada za Uingereza zilivurugika, wakadhaniwa Wajerumani. Mwanafizikia Mwingereza, James Stanley Hey, akaona kwamba vurugu inatoka upande lilipo Jua.

Mzee alitaka kujua kama redio yake inaweza kuyanasa mawimbi hayo ya Jua. Chini ya megahezi 10 hivi, tabaka la ioni juu ya dunia huyarudisha angani. Lakini mchana, kwenye mawimbi mafupi karibu na megahezi 20, mlipuko mkubwa husikika kama mvumo unaopanda na kufifia, dakika 8 baada ya kutoka kwenye Jua. Redio ya mawimbi mafupi anayo. Betri ndiyo hana.