Kabla ya kuuliza jaribio gani, uliza nani alipimwa

Kila mwaka, msimu wa kuandika tasnifu ukifika, napokea ujumbe wa aina moja. "Shikamoo mwalimu. Data nimeshaingiza kwenye kompyuta. Sasa nitumie jaribio gani la takwimu?" Wanaoniandikia ni wanafunzi wa saikolojia na ushauri nasaha hapa Mwanza, wengine wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wanaosoma huku wakifanya kazi. Najua walivyohangaika kuipata hiyo data, vivuko walivyopanda na jua lililowachoma. Ndiyo maana huniuma kuwajibu kwamba swali hilo limekuja kwa kuchelewa. Jaribio huchaguliwa siku unapoamua utampima nani, mara ngapi, na kwa kumlinganisha na nani. Kompyuta itakubali chochote utakachoibonyezea.

Wiki mbili zilizopita alinijia kijana aliyefanya utafiti wake kwenye mwalo mmoja, yaani pwani ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, katika kisiwa cha Ukerewe. Aliwafuata wavuvi wa dagaa 48, akawapa dodoso la PHQ-9, lile la maswali 9 kuhusu dalili za sonona kwa wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla huanzia 0 na kuishia 27. Baada ya hapo wavuvi wakahudhuria vikao vya ushauri wa kikundi kwa wiki sita, kisha akawapima tena. Alikuja kwangu amekata tamaa. Kompyuta ilimwambia hakuna tofauti ya maana kitakwimu.

Nilimuuliza alichobonyeza. Alikuwa ametumia jaribio la t la makundi mawili yasiyohusiana. Kundi la kwanza aliliita "kabla", la pili "baada".

Nilichukua karatasi nikamchorea mfano mdogo wa kubuni, watu sita tu. Kabla ya vikao walipata 14, 9, 18, 11, 16 na 7. Baada ya vikao, kwa mpangilio uleule wa watu, wakapata 12, 8, 15, 10, 13 na 6. Wastani umeshuka kutoka 12.5 hadi 10.7. Ukizichukua safu hizo mbili kana kwamba ni watu kumi na wawili tofauti, t, yaani tofauti ya wastani ikipimwa dhidi ya mtawanyiko wa alama, inatoka 0.83, na p inakuwa karibu 0.42. P nitaieleza vizuri baadaye; kwa sasa jua tu kwamba kwa desturi p ikiwa chini ya 0.05 ndipo husemwa kuna tofauti ya maana kitakwimu. Tafsiri yake ya haraka: hamna kitu. Sasa fanya hesabu mtu kwa mtu. Wa kwanza ameshuka alama 2, wa pili 1, wa tatu 3, wa nne 1, wa tano 3, wa sita 1. Hakuna hata mmoja aliyepanda. Jaribio la t la jozi linatoa t ya 4.57, na p karibu 0.006.

Namba ni zilezile. Kilichobadilika ni kukiri kwamba aliyepimwa mara ya pili ni yuleyule wa mara ya kwanza. Watu hutofautiana sana: mmoja anaishi kwenye alama 18, mwingine kwenye 7. Ukiwachanganya, tofauti hiyo kubwa kati ya mtu na mtu inalimeza badiliko dogo la kila mmoja. Ukimlinganisha kila mtu na nafsi yake, unaliona.

Kijana alikuwa na bahati kwamba kila mvuvi alikuwa na namba yake ya siri kwenye madodoso yote mawili. Mimi miaka mingi nyuma sikuwa nayo. Niliwaahidi washiriki wangu usiri, nikadhani usiri maana yake ni kutoandika alama yoyote ile, na mwisho nilikuwa na marundo mawili ya karatasi nisiyoweza kuyaoanisha. Hakuna jaribio duniani linaloweza kuiponya hali hiyo. Tangu hapo huwa nasisitiza: namba kwa kila mshiriki, daftari la namba limefungiwa kabatini, karatasi ya kwanza na ya pili zijuane.

Kwa hiyo mtu akiniuliza jaribio gani, nami humuuliza mambo mawili. Unachopima ni alama zinazohesabika, au ni mafungu kama ndiyo na hapana? Na unaolinganisha ni watu tofauti au ni walewale? Ukiwa na alama na makundi mawili ya watu tofauti, ni t ya kawaida, na mimi hupenda ile ya Welch, kwa sababu haidai kwamba alama za makundi yote mawili zitawanyike sawasawa. Watu walewale mara mbili ni t ya jozi. Ukiwa na mafungu, mfano wanawake wanaoanika dagaa na wavuvi wanaume, wangapi kila upande wamefika alama 10 za PHQ-9, mpaka unaotumika sana kuchuja sonona, hapo ni kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900. Tuseme 24 kati ya 60 upande mmoja na 12 kati ya 60 upande wa pili: kai-mraba inatoka 5.71 na p karibu 0.02. Lakini ikiwa hao walihesabiwa kwanza na wakahesabiwa tena baadaye wakiwa walewale, kai-mraba ya kawaida haifai, tumia ya McNemar. Na kama unataka kujua alama za sonona zinakwendaje na alama za usingizi kwa mtu mmoja mmoja, hapo unatafuta uwiano (correlation), namba ya kati ya hasi 1 na 1 inayoonyesha alama mbili zinavyokwenda pamoja. Ukipata uwiano wa 0.30, kumbuka kuuzidisha kwa wenyewe: 0.09, yaani asilimia 9 tu ya kutofautiana kwa alama moja ndiyo inayokwenda pamoja na ile nyingine.

Mialo mitatu ikilinganishwa, tuseme Kirumba, Igombe na Kayenze, wengi hufanya t mara tatu. Usifanye hivyo. Kila jaribio lina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya hata kama hakuna tofauti, na kwa majaribio matatu nafasi hiyo inaweza kukaribia asilimia 14. Anza na uchanganuzi wa tofauti, ANOVA, jaribio moja linalolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja, ndipo ulinganishe mialo miwili miwili kwa kusahihisha kiwango cha p.

Kuna hofu moja nataka kuiondoa, ya data "isiyo ya kawaida", yaani isiyokaa kwa umbo la kengele. Wanafunzi huona alama za PHQ-9 zimerundikana karibu na sifuri na mkia mrefu kuelekea 20, wakaambiwa t imekufa. Kwenye t ya jozi kinachotazamwa ni tofauti za kila mtu. Alama ghafi zinaweza kupinda vyovyote na tofauti zikatulia. Na sampuli ikiwa na watu 40 au 50 kila kundi, t huvumilia mpindo wa kiasi. Sampuli ikiwa ndogo na mpindo mkali, nenda kwenye majaribio ya nafasi: Wilcoxon kwa jozi, Mann-Whitney kwa makundi mawili. Haya hupanga alama kuanzia ndogo hadi kubwa na kufanya hesabu kwa nafasi. Ila usiandike kwamba yamepima wastani.

Turudi kwenye p, maana hapo ndipo tasnifu nyingi huharibika. Nitumie watu wetu sita. Tuseme vikao havikufanya lolote, na kila mtu kupanda au kushuka ni kama kurusha sarafu. Ukirusha sarafu mara sita kuna njia 64 za matokeo. Ni njia mbili tu ambazo zote sita zinaangukia upande mmoja: wote kushuka, au wote kupanda. Mbili kwa 64 ni 0.03. Hiyo ndiyo p ya jaribio la ishara, jaribio rahisi kuliko yote, unaweza kulifanya umekaa kwenye benchi ukisubiri kivuko. P inakwambia hivi: kama kweli hakuna kilichotokea, bahati tupu ingeleta matokeo ya namna hii au ya kupita haya mara ngapi? Basi. Haikwambii kwamba kuna asilimia 97 ya uhakika kuwa vikao vinafanya kazi. Haikwambii badiliko ni kubwa. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko mwaka 2016 kukumbusha mambo hayahaya, kwa hiyo usione aibu kama hili lilikuchanganya.

Upande wa pili wa kosa hilo huniumiza zaidi. Mwanafunzi anapata p ya 0.07 anaandika, "Ushauri nasaha hausaidii." Chukua mfano wa watu 18 waliopata ushauri na 17 ambao hawakupata, tofauti ya alama 3. Wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ya tofauti zinazoendana na data, unaweza kuanzia hasi 0.3 hadi 6.3. Soma wigo huo kwa utulivu. Unasema data hii inaendana na kutokuwa na tofauti kabisa, na inaendana pia na nafuu ya alama 6, ambayo kwa mgonjwa ni kubwa sana. Ukitega wavu wa sangara usiku kucha na asubuhi usikute dagaa hata mmoja, huwezi kutangaza kwamba ziwani hakuna dagaa. Matundu ya wavu wako ni mapana kuliko samaki. Kwa tofauti ya ukubwa wa kati, ile ambayo mwanasaikolojia Jacob Cohen aliipa d ya 0.5 (tofauti iliyo sawa na nusu ya mtawanyiko wa kawaida wa alama), unahitaji watu kama 64 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Ukiwa na watu 18, sema wazi kwamba sampuli haikutosha kuamua, uandike na wigo wako wote.

Na hao 48 wa kijana wangu, nao si 48 kamili. Walitoka kwenye mitumbwi 12, wanne kila mtumbwi. Watu wa mtumbwi mmoja wana tajiri mmoja, mwenye mtumbwi, na deni la mafuta moja, na wakikosa usiku huu wamekosa wote. Ikiwa asilimia 30 ya kutofautiana kwa alama zao inatokana na mtumbwi, basi wastani wa watu 48 una uzito wa watu 25 hivi. Majaribio yote niliyotaja yanadhani kila mtu amesimama peke yake. Njia nyepesi ni kuchukua wastani wa kila mtumbwi na kufanya jaribio kwa mitumbwi 12. Njia bora ni modeli ya ngazi mbili, inayomhesabu kila mtu ndani ya mtumbwi wake, na hiyo nilimwahidi tutaifanya pamoja.

Niseme na hili kabla sijalisahau. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiona mtu ameweka alama hapo, unazungumza naye siku hiyohiyo na kumfikisha kwenye huduma. Hasubiri uchanganuzi.

Tulipofanya jozi, p ya kijana ilishuka chini ya 0.01, hata kwa hesabu ya mtumbwi kwa mtumbwi. Alifurahi sana. Nami nilifurahi, kisha nikamuuliza tarehe za vipimo.

Wavuvi wa dagaa huishi kwa kufuata mwezi wa angani. Giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, likiingia wanatoka kila usiku na taa zao, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishika, taa haina nguvu mbele ya mwezi, na wengi hupumzika nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala usiku kama watu wengine. Mzunguko wote ni siku 29 na nusu. Sasa PHQ-9 inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, karibu nusu kamili ya mzunguko huo, na ndani yake kuna swali la usingizi, la uchovu, la hamu ya kula. Kijana alipima mara ya kwanza giza lilipokwisha, watu wametoka kukesha. Akapima tena baada ya siku 42. Ukitoa 29 na nusu, zinabaki 12 na nusu: mbalamwezi inaishia, watu wamelala vizuri kwa muda.

Alama zingeshuka hata kama asingefika kisiwani.

Jaribio la t la jozi lilifanya kazi yake sawasawa. Liliulizwa kama alama zimebadilika, likajibu ndiyo. Halikuulizwa nani amezibadilisha, wala halina namna ya kujua. Jibu hilo hutoka kwenye mpango wa utafiti: kundi jingine lisilopata vikao, lipimwe siku zilezile chini ya mwezi uleule, halafu ulinganishe badiliko la hawa na badiliko la wale kwa t ya Welch.

Hakunisemesha kwa muda. Kisha akafungua kalenda ya simu akaanza kuhesabu. Mizunguko miwili ni siku 59, mwezi unakuwa umerudi palepale ulipokuwa, na siku ya 59 tangu kipimo cha kwanza ni Alhamisi hii. Tajiri mmoja wa mwalo wa jirani, ambako vikao havijaanza, amekubali wavuvi wake wapimwe pia. Kijana amechapisha madodoso, ameongeza mstari wa juu wa namba ya mtumbwi na mwingine wa hali ya mwezi, na Jumatano asubuhi anavuka.