Kabla Hujafungua Stata, Pima Waya

Jumamosi kijana mmoja aliniletea Corolla 110 yake ikivutwa kwa kamba kutoka Umoja. Ndani ya miezi mitatu alikuwa amenunua stata (mota inayozungusha injini iwake) mbili za mtumba Kirinyaga Road, Nairobi, na kuzifunga mwenyewe nyumbani, lakini gari bado linasema "tak!" kisha kimya. "Fundi, wameniuzia feki?" Hapana, ndugu yangu. Zote mbili zilikuwa nzima. Waya wa athi, yaani wa upande hasi unaotoka kwa betri hadi gia boksi, ndio uliokuwa umeoza ndani ya mpira wake.

Nimechoka na imani kwamba "tak" ni stata iliyokufa. "Tak" ni solenoidi, swichi ya umeme ya stata, ikivuta: umeme wa waya mwembamba umefika. Ule mwingi, amperi 100 na zaidi, ndio umekwama njiani.

Na usiniambie betri ina volti 12.6. Hiyo umeipima ikiwa imelala! Mtu azungushe ufunguo huku umeshika mita. Ikianguka chini ya 9.6, anza na betri, ingawa stata inayokwama pia huiangusha hivyo. Mimi huazima betri nyingine nijue. Isipoanguka, weka ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye mwili wa stata, ufunguo uzungushwe tena. Zaidi ya volti 0.3, shughulikia athi. Upande wa chanya, kutoka nguzo hadi boliti nene ya stata, naruhusu 0.5. Ila nimeona magari makuukuu yenye 0.6 yakiwaka kila asubuhi, kwa hivyo sikimbilii kubadilisha waya kwa sababu ya nambari peke yake.

Sasa sikiza hapa, maana ndipo wengi hupotea. Ukisikia "tak", betri isishuke, na mita isome karibu sifuri pande zote mbili, usifurahi kwamba waya ni safi. Hakuna umeme mwingi unaopita, kwa hivyo hujaupima waya wowote. Kosa liko ndani ya stata. Hata hapo usiitupe: kwenye stata za Denso mara nyingi ni kopa mbili za solenoidi (vipande vya shaba vinavyounganisha umeme mwingi) zimelika, au brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha.

Stata inayokataa ikiwa moto tu hunisumbua hadi leo. Ikinifikia imeshapoa, kila kipimo ni safi, nami hubadilisha kopa na brashi kwa kukisia.

Kufungua ni boliti mbili tu kwa kawaida. Toa hasi ya betri kwanza, kwa sababu waya mnene hauna fyuzi. Gari likae kwenye stendi, si jeki. Kwangua kutu pale stata inapokaa. Athi yake hupitia hapo hapo. Na muuzaji akikuzungushia stata mezani, amekuonyesha inazunguka bila mzigo. Kusukuma injini ni kazi nyingine kabisa.

Ile Corolla niliifunga waya mpya wa athi. Iliwaka mara ya kwanza, na stata ya pili kijana ameiweka kwenye buti.