Damu ikishuka, uliza pia akiba

Mama mjamzito akipokea majibu yake hapa maabara, Arua, Uganda, jicho hukimbilia namba moja tu: hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Mwezi wa pili ilikuwa 12.4, sasa wa sita ni 10.8, na uso umeshabadilika. Ngoja kwanza, mama.

Katika ujauzito mwili huongeza plazma, yale maji ya damu, kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila si kwa kasi hiyo, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuanzia chini ya gramu 11 kwa desilita, na katika miezi mitatu ya katikati chini ya 10.5. Huyo wa 10.8 bado yuko salama.

Ila hemoglobini haikuambii akiba ya chuma imebaki kiasi gani. Hiyo huonekana kwenye feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, na mwanzoni mwa mimba ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Hapo napo kuna mtego: feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi. Kwetu malaria haiishi, basi karatasi inaweza kuonyesha namba nzuri huku ghala ni tupu. Mimi feritini siisomi kabla ya kuuliza habari za homa.

Mimba nzima hudai chuma kama gramu 1, na sehemu kubwa hudaiwa katika nusu ya pili. Dodo (mchicha) na maharagwe ni vizuri, tena kula na chungwa au nyanya, lakini chuma cha mimea mwili hukipokea kidogo kuliko cha nyama na samaki. Kwa hiyo vidonge vya kliniki usiviweke kabatini. Choo kuwa cheusi ni kawaida, wala si sumu. Usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Subiri saa moja au mbili. Kama umepewa na kalsiamu, imeze wakati mwingine wa siku.

Udongo ule wa sokoni? Najua hamu yake ni kali, na mara nyingi huja kwa mwenye upungufu wa chuma. Lakini udongo wenyewe unaweza kukinasa chuma tumboni, na mwingine una madini ya risasi. Ukiutamani sana, njoo upimwe.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawaambiwi: ukinunua asidi ya foliki duka la dawa, soma kopo. Kidonge cha kawaida cha ujauzito kina miligramu 0.4. Kile cha miligramu 5 hupunguza nguvu ya Fansidar unayopewa kliniki kukinga malaria, kwa hiyo usikianze bila kumwuliza mkunga.