Chuma kikimwasha mtoto

Msimu wa maembe hapa Tabora una utamu wake na una majeruhi wake. Watoto wanapanda, tawi linakatika, na wodi ya mifupa inapokea paja lililovunjika. Baadhi yao hurudi nyumbani wakiwa na vyuma ndani ya mfupa, na baada ya wiki kadhaa mzazi anakuja kliniki kuuliza: "Daktari, mbona mtoto anajikuna? Chuma kimemkataa?"

Inawezekana, ila ni mara chache. Kwa fimbo za chuma zinazowekwa ndani ya mfupa wa paja, usumbufu wa kawaida zaidi ni ncha ya chuma kuchoma ngozi karibu na goti. Wengine wanawashwa na gundi ya plasta au dawa ya kupaka, basi.

Mzio wenyewe (aleji, kama tulivyozoea kusema) mara nyingi husababishwa na nikeli, aina ya metali. Vyuma visivyoshika kutu vinavyotumika kuunga mifupa huwa nayo, zaidi ya asilimia 10. Vya titani, metali nyingine, ni salama zaidi kwa mtoto mwenye mzio huu. Vifaa vingi vya kuziba tundu la moyo navyo vimetengenezwa kwa nikeli na titani, na nikeli ndiyo inayozidi nusu ya uzito.

Hakuna anayezaliwa na mzio wa nikeli. Mwili hujifunza kuikataa kwa kugusana nayo, na mlango mkubwa ni tundu la sikio. Binti anatogwa akiwa mchanga, anavishwa hereni za bei rahisi, sikio linatoa majimaji, tunampaka mafuta na kuendelea. (Hata sisi watu wa hospitali tunafanya hivyo kwa binti zetu.) Kwa hiyo kabla ya upasuaji mwambie daktari kama hereni, saa au kifungo cha chuma cha mkanda huwa kinamtoa mtoto vipele. Asipokuuliza, sema tu.

Mzio huu si kama wa kuumwa na nyuki, unaoweza kumvimbisha mtu papo hapo. Huja taratibu, siku hata miezi baadaye: ngozi juu ya kovu inawasha, inakuwa na vipele, inakauka. Ukiona usaha, homa, uvimbe wa moto, au mtoto aliyekuwa anatembea amegoma kukanyaga, usiwaze mzio. Hayo ni maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo. Mlete siku hiyohiyo, na usipake kitu chochote cha kienyeji juu ya kovu.

Kuna kipimo cha vibandiko vinavyowekwa mgongoni kwa saa 48. Hata kikionyesha mzio, si lazima chuma kitoke. Wengi hukaa nacho bila shida. Anayesumbuliwa kweli hutibiwa ngozi kwanza, mfupa ukishaunga chuma kinatolewa, na kwa kawaida upele hupungua.

Siku ya kuruhusiwa, omba kiandikwe kwenye karatasi zake ni chuma cha aina gani, na karatasi hiyo isipotee.