Bega la bandia: chuma hakiponi, ukano ndio unaopona

Goti au nyonga ya bandia si habari ngeni tena mtaani. Bega bado. Ukimwambia mtu kwamba mjomba wake atabadilishwa bega, swali la kwanza ni kama mkono wenyewe utabaki. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na maswali ya namna hii nayasikia kila mara, pamoja na ushauri mwingi wa majirani. Karibu makosa yote yana mzizi mmoja: watu wanakitazama chuma na kuisahau nyama inayokizunguka.

"Wanakata bega lote"

Kinachoondolewa ni kile kirungu cha juu cha mfupa wa mkono, ambacho gegedu lake limelika mpaka mfupa unasaga mfupa. Mahali pake huwekwa tufe la chuma lenye kishina kinachoshuka ndani ya mfupa. Upande wa pili, kwenye kombe la bega, kisahani kinachopokea tufe huvishwa plastiki ngumu. Mtulinga, kombe na misuli vinabaki vyako. Kazi hiyo huchukua kama saa mbili, mgonjwa akiwa nusu kaputi, na mara nyingi huongezwa sindano ya ganzi chini ya shingo. Ndiyo maana wengine huamka wakilia kwamba mkono umepooza. Ganzi huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja hivi.

Hapa inafaa kuelewa umbo la kiungo chenyewe. Nyonga imezama ndani ya tundu lake kama mchi kwenye kinu. Bega ni chungwa lililokaa juu ya kisahani cha kikombe. Kinacholizuia lisiporomoke ni kano za misuli minne zinazolikumbatia pande zote. Ukilijua hilo, mengine yote yanaeleweka.

"Ni majaribio, wazungu wamevumbua juzi"

Bega la kwanza la bandia linalojulikana liliwekwa Paris mwaka 1893 na daktari Jules-Émile Péan, kwa mgonjwa ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemwingia kwenye mfupa. Lilitengenezwa kwa platini na mpira uliochemshwa kwenye parafini. Lilidumu kama miaka miwili, kisha likatolewa kwa sababu maambukizi hayakuisha. Wakati huo antibiotiki hazikuwepo. Miaka ya 1950, daktari Charles Neer wa New York alianza kuweka vichwa vya chuma kwa watu waliovunjika vibaya begani, na mabega mengi ya leo ni wajukuu wa kazi yake.

"Kano zikishachanika, basi tena"

Zamani kauli hii ilikuwa karibu na ukweli. Tufe la chuma bila kano za kulikumbatia hupanda juu, na mgonjwa anabaki na bega jipya asiloweza kulinyanyua. Mwaka 1985 Paul Grammont, daktari wa Dijon, Ufaransa, aligeuza mpangilio wote juu chini. Tufe alilipeleka kwenye kombe, kisahani akakiweka kwenye mfupa wa mkono. Kwa namna hiyo msuli mkubwa wa nje ya bega, ule ule unaochomwa sindano ya chanjo, hupata nafasi ya kuinua mkono bila kutegemea kano zilizochanika. Marekani iliruhusu kifaa hicho mwaka 2003. Mimi huwaambia wagonjwa wamuulize daktari waziwazi: langu ni la kawaida au la kugeuzwa? Masharti ya baadaye hayafanani.

"Ni ugonjwa wa wazee"

Wengi kweli wamepita miaka 60. Lakini kichwa cha mfupa kinaweza kukosa damu, kikafa na kubomoka kwa kijana. Kwetu Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hili, kwa kuwa selimundu hufanya hivyo hivyo kwenye nyonga na kwenye bega. Dawa za steroidi zilizotumika muda mrefu nazo zimo. Wapo pia wenye baridi yabisi, na waliovunjika mfupa vipande vipande.

Kwa upande mwingine, si kila bega linalouma ni la kubadilishwa. Mwenye kisukari ambaye bega limeganda, hawezi hata kuvaa shati, mara nyingi anahitaji mazoezi, dawa na subira ndefu. Kisu hakimhusu.

"Maumivu yameisha, nimepona"

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa. Ili afike kwenye kiungo, daktari hupita mbele ya bega, na mara nyingi hulazimika kuukata ukano mmoja mkubwa wa mbele kisha kuushona tena akimaliza. Chuma kimeshashika siku ile ile. Ukano huo unahitaji kama wiki sita kushikamana, na karibu miezi mitatu kabla ya kubebeshwa mzigo. Maumivu yale ya zamani, ya mfupa kusaga mfupa, hupungua mapema kuliko hapo. Basi wiki ya tatu au ya nne mgonjwa anajiona mzima, anavua kitambaa cha kuning'inizia mkono, na ananyanyua ndoo.

Si ndoo peke yake. Kujisukuma kwa kiganja ili kuinuka kitini au kitandani huuvuta ukano ule ule, na kwa mwenye bega la kugeuzwa ni njia rahisi ya kulitegua. Kwenye daladala usishike bomba la juu kwa mkono uliopasuliwa. Dereva akikanyaga breki, uzito wako wote unaning'inia kwenye nyuzi. Anayesali na anasujudu kwa kuegemea viganja, asali akiwa kwenye kiti mpaka daktari amruhusu. Kitu kizito kuliko kikombe cha chai kiache. Kuendesha gari ukiwa umefungwa mkono hakuruhusiwi, na madaktari wengi hutaka zipite wiki sita au zaidi. Usiku lala chali, mito ikuinue mgongo, na mto mwingine uwe chini ya kiwiko ili kisianguke nyuma.

Kuvaa nako kuna ufundi. Mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye nguo na unatoka mwisho. Dera na kanzu pana ni neema kubwa wakati huu. Fulana ya kubana iache kabatini.

"Mkono usiguswe mpaka upone," na kinyume chake, "uchuliwe"

Vidole, kifundo na kiwiko huanza kuchezeshwa siku ile ile au kesho yake, visikakamae. Kisha, daktari akiridhia, unainama kidogo na kuuacha mkono uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima, ukiyumba polepole. Baadaye mkono mzima unauongoza ule uliopasuliwa. Kuuinua kwa nguvu zake wenyewe huja baada ya wiki sita hivi, na vitu vizito baada ya miezi mitatu. Maendeleo huendelea hadi mwaka mzima, kwa hiyo usijipime na jirani.

Naheshimu mikono ya wachuaji, imewatuliza wengi mgongo. Ila bega lililoshonwa juzi halina kitu cha kunyooshwa. Anayelivuta anavuta uzi.

"Kama hakuna homa wala usaha, hakuna maambukizi"

Kwenye ngozi ya bega na kwapa, ndani ya vinyweleo, anaishi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, yule yule anayehusika na chunusi. Hukua taratibu mno. Maabara hulazimika kuotesha sampuli kwa takribani siku 10 hadi 14. Akiingia ndani ya kiungo anaweza kukaa kimya miezi au hata miaka, bila homa. Dalili ni bega lililokuwa zuri kuanza kuuma na kukaza tena. Usiseme ni baridi ya kipupwe. Na usinyoe kwapa kwa wembe nyumbani ukijiandaa na upasuaji: mikwaruzo midogo ni mlango wa vijidudu.

"Baada ya miaka mitano linachakaa"

Zaidi ya mabega tisa kati ya kumi bado yanafanya kazi baada ya miaka 10. Uwanja wa ndege mashine inaweza kulia. Waambie tu, uonyeshe kovu.

"Mkono utarudi kama wa ujana"

Kusudi kubwa la upasuaji ni kuondoa maumivu, na hapo ndipo unapofanikiwa zaidi. Kuchana nywele, kutoa sufuria rafuni, kulala usiku mzima: hayo wengi huyapata. Kupeleka mkono mgongoni ni shida, hasa kwa bega la kugeuzwa. Kufunga sidiria kwa nyuma na hata kujisafisha chooni huwasumbua baadhi, na wanaona haya kusema. Kama ni mkono unaoutumia chooni, mwambie daktari kabla ya upasuaji, na anza kuuzoeza mwingine mapema. Kwa mgongo, nunua dodoki lenye mpini mrefu.